Shina Lililorudi Chini

Tarehe 21 Januari

Mpwa wangu,

Kalamu hii nimeitafuta asubuhi nzima, kumbe nilikuwa nimeichomeka sikioni. Mama yako alicheka mpaka goti likamuuma upya. Goti lenyewe ni lile lile: likitulia siku tatu, ya nne linamkumbusha. Vinginevyo tu wazima, yaani mimi na yeye, maana nyumba hii imebaki na watu wawili na paka asiye wetu. Bati la jikoni linavuja upande wa dirishani. Fundi alikuja, akaliangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hajarudi.

Wewe u mzima? Hujaandika tangu Novemba. Mimi sikulaumu, najua watu wa utafiti hawana nafasi. Anayelaumu ni mama yako.

Sasa nikuambie lililonikalisha mezani. Kidato cha pili niliwapa jaribio la maharage, lile nililokufundisha wewe ulipokuwa na wino mpaka viwikoni. Unapanda harage kwenye kopo, likishaota unalilaza kopo ubavu, unaliacha siku kadhaa, kisha unachora ulichokiona. Shina linainuka kwenda juu, mzizi unashuka. Nimelifundisha miaka thelathini na mmoja na halijawahi kuniangusha.

Yupo binti mmoja, mtoto wa fundi viatu wa pale sokoni. Ni mkimya, anakaa dawati la nyuma kabisa. Yeye kopo lake alililaza ndani ya boksi la viatu, akaliweka juu ya rafu karibu na dirisha, wala hakuniuliza. Halafu akachora shina linalotoka koponi, linapanda juu kama inavyotakiwa, kisha linapinda na kurudi chini, karibu liguse sakafu ya boksi. Umbo la ndoano. Nikaenda mezani kwake kuangalia. Shina limepanda juu, basi. Nikamwuliza, "Hii ndoano umeitoa wapi?" Akasema, "Ipo hapo, mwalimu." Nikamwambia haipo. Akapandisha sauti, "Ipo." Darasa likacheka, sijui walikuwa wanamcheka nani.

Nilimpa sifuri, na pembeni nikaandika "udanganyifu". Neno hilo likishaandikwa linakwenda kwa mwalimu mkuu, na mwanafunzi anaweza kuondolewa kwenye mchepuo wa sayansi.

Si kwamba nina shaka. Ila nataka uniandikie mistari miwili, wewe kama mtafiti wa mimea, useme shina la harage haliwezi kupanda kisha likashuka lenyewe. Nitaiweka kwenye faili na mambo yatakwisha. Mwaka ndio kwanza umeanza na mimi nimeshachoka kama mtu wa Desemba.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Mjomba wako

Tarehe 2 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo yangu umfikishie Mama. Mwambie ninakula. Barua yako imenifikia tarehe ishirini na saba. Bahasha ilikuwa imelowa kona moja, lakini maandishi yamepona.

Mimi ni mzima, uchovu tu. Kwa sasa tuko kwenye miche ya nyanya. Nadhani hili litakufurahisha: kila asubuhi trei ishirini zinapapaswa. Unashika ufito wa plastiki, unaupitisha taratibu juu ya vichwa vya miche, kwenda na kurudi, mara ishirini kila trei. Jioni tena. Trei nyingine ishirini haziguswi. Baada ya wiki tatu iliyopapaswa inakuwa mifupi, shina nene, majani ya kijani kilichokolea. Isiyoguswa inarefuka, inapendeza machoni, ukiitoa nje upepo wa kwanza unailaza. Mmea unajua umeguswa, Mjomba. Unajijenga kwa sababu hiyo. Daktari wetu, msomi anayeongoza utafiti huu, anasema siku moja wakulima hawatahitaji dawa ya kufupisha miche. Mpaka siku hiyo ifike, bega langu la kulia litakuwa limehama mahali pake.

Kuhusu huyo binti, sijaandika mistari miwili uliyoitaka. Usinikunjie uso. Kwanza naomba uniambie: boksi lake lilikuwa na tundu? Kama lilikuwa nalo, lilikuwa upande gani, juu au chini? Na mfuniko ulikuwa umefungwa? Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza hayo kabla ya kusema lolote.

Jambo jingine ni dogo. Barua yako ina mistari iliyopandiana. Ukurasa wa pili nimeusoma kwa shida, sentensi moja imekaa juu ya mgongo wa nyingine. Na tarehe umeiandika mara mbili, moja juu na moja katikati ya salamu. Ulikuwa unaandika wapi?

Mpwa wako

Tarehe 20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako naye ameitikia kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayetaka barua iandikwe kwake na si kwangu. Goti limemruhusu kwenda sokoni mara moja. Alirudi na kiatu changu kilichotoboka bila kutengenezwa, maana fundi viatu amemwambia hana nafasi. Ndiyo, yule yule. Wateja hana, nafasi hana. Nimeelewa.

Habari ya nyanya imenifurahisha, nimewasimulia walimu wenzangu wakati wa chai. Niliwaambia, "Mpwa wangu ni mtafiti, wanafanya miche iwe na mgongo." Mwalimu wa hesabu aliuliza kama mnaweza kuwafanyia na wanafunzi.

Unaniuliza tundu. Boksi la viatu kila mtu analijua, lina kile kitundu cha kupitisha kidole, chini upande mmoja. Huenda lilikuwa nacho. Sikukaa kupima matundu. Nilikuwa na wanafunzi arobaini na wanne na makopo arobaini na manne, na kengele ilikuwa karibu kulia. Mfuniko aliufungua mbele yangu. Boksi lenyewe wameshalitupa wafagizi.

Binti haji shule sasa yapata wiki mbili. Mwenzake wa dawati anasema yuko bandani kwa baba yake anapaka gundi soli. Mwalimu mkuu anataka maelezo yangu kwa maandishi kabla kikao cha shule hakijakaa. Mimi nangoja mistari yako miwili. Sielewi kwa nini inachukua muda kuliko harage lenyewe.

Niliandikia mezani, kama siku zote. Taa ilikuwa hafifu.

Mjomba wako

Tarehe 17 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuona kwanza. Mama mwambie nimepata sweta alilomtuma jirani aniletee, linanitosha, mikono mirefu kidogo. Huku chumba cha taa za kuoteshea miche kina joto lakini stoo ina baridi, kwa hiyo linanifaa.

Nililifanya jaribio la binti wa fundi viatu. Daktari alinikubalia pembe moja ya meza ambayo haina kitu. Mara ya kwanza halikutokea. Nililaza kopo ndani ya boksi, nikafunga, nikaliweka sakafuni, tundu likitazama ukuta. Baada ya siku tano shina lilikuwa limepanda juu, limepauka kama uzi, limegota kwenye mfuniko na kujikunja pale. Hapakuwa na ndoano. Nilikaribia kukuandikia kwamba umesema kweli, na nikiri kwamba nilijisikia nafuu.

Halafu nikakumbuka uliandika "juu ya rafu, karibu na dirisha". Mwanga wa dirisha kwake ulikuwa unaingia kutoka chini. Nikaanza upya. Safari hii boksi nililiweka juu ya kabati, tundu la chini likielekea kwenye taa. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili na ya tatu ncha iliinuka, ikasimama wima. Siku ya nne ilianza kuinama. Siku ya sita ilikuwa inashuka. Siku ya nane ilikuwa imefika nusu ya njia ya kwenda kwenye tundu, na majani mawili ya kwanza yamegeuza nyuso zao kule.

Nilifikiri labda ni uzito wake, limeanguka tu. Nikaliziba tundu kwa karatasi nyeusi. Kesho yake ncha ilikuwa imeanza kuinuka tena. Nikalizibua, ikashuka tena. Shina hilo halikuwa limeanguka. Lilikuwa linakwenda.

Kwa hiyo ni hivi, na nisamehe kwa kuandika waziwazi: kwenye giza shina linajua juu na chini, linakwenda juu. Likionja mwanga, hata wa tundu la kidole, linaufuata hata kama uko chini. Binti alichora alichokiona. Ndoano ilikuwepo.

Sasa na mimi nina swali, na silitaki kuliuliza. Wewe ulikuwa unaona mwanafunzi aliyesahau nukta ukiwa mlangoni. Ulisimama mezani kwake, boksi limefunguliwa, shina likiwa na urefu wa kiganja. Mjomba, ilikuwaje usione?

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari kumi na minne. Sita nimeikisia.

Mpwa wako

Tarehe 29 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika siku nyingi. Mvua zimenyesha na bati la jikoni sasa linavuja sehemu mbili, mama yako ameweka sufuria moja hapa na nyingine pale, anapita katikati kama mtu wa mpakani. Paka asiye wetu amezaa. Mama yako anasema watoto ni wetu kwa kuwa wamezaliwa ndani ya kabati langu la vitabu. Goti halijambo.

Nimeyaona uliyoandika kuhusu boksi.

Ninachohitaji sasa ni kitu kimoja. Uyaandike upya kwenye karatasi ya kituo chenu cha utafiti, ile yenye kichwa cha barua na muhuri, uweke jina na cheo chako, na sahihi. Kikao cha shule kitakaa katikati ya Juni. Mwalimu mkuu ni mtu wa makaratasi. Nikimpelekea barua ya nyumbani yenye salamu za goti atanicheka. Akiona "mtafiti" na muhuri, binti atarudishiwa alama zake na hakuna atakayeuliza zaidi.

Fanya hivyo upesi. Mengine tutaongea siku nyingine.

Mjomba wako

Tarehe 16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za Mama zimenifikia ingawa hukuziandika.

Nimekaa na barua yako siku sita. Nilianza kuandika kwenye karatasi yenye muhuri, nimeichana mara mbili. Siwezi, na sababu yake ningependa ungeisikia uso kwa uso, lakini nauli ya huko na ujasiri wa kusema vyote sina.

Mimi si mtafiti. Sijawahi kuwa. Nilikuja hapa miaka miwili iliyopita nikiambiwa nianze kama kibarua, nikifaulu mtihani wa kuingia chuo nitasajiliwa na Daktari atanisimamia. Mtihani nimeufanya mara mbili na mara mbili nimeanguka, hesabu mara zote. Ninayepapasa miche ni mimi. Ninayeosha vyungu ni mimi pia. Ninafagia chumba cha taa, ninahesabu mbegu, ninaandika joto la asubuhi kwenye daftari la mtu mwingine. Wewe uliponiita mtafiti katika barua ya kwanza kabisa, nilipofika hapa, niliona aibu kukusahihisha. Ya pili ikawa vigumu zaidi. Baadaye nikaanza kuandika "tuko kwenye nyanya", "tunafanya hivi", ili nisiseme uongo wala ukweli.

Kwa hiyo karatasi yenye muhuri ikitoka kwangu itakuwa udanganyifu. Neno hilo hilo. Sitaki kulitumia kumwondolea binti wa watu neno hilo.

Lakini niliona, Mjomba. Kwa macho haya. Ukitaka nitakuja kusema mbele ya kikao kama mwosha vyungu.

Na hujanijibu. Nilikuuliza ilikuwaje usione. Umenijibu bati, paka na mwalimu mkuu. Barua hii ya mwisho umeandika neno "goti" juu ya neno "kabati". Mama hajui?

Usimsomee Mama hiyo ya mtihani. Nitamwambia mwenyewe.

Mpwa wako

Tarehe 18 Juni

Mpwa wangu,

Mwandiko huu ni wa mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwomba aandike ninachosema, asitie chumvi.

(Mwanangu, ni mimi. Natia nikitaka.)

Barua yako ya Mei nilijaribu kuisoma mwenyewe. Hizo za nyuma nilizisoma uani jua likiwa kali, neno kwa neno, na kioo cha kukuzia. Barua ya ukurasa mmoja ilinichukua asubuhi. Hii haikusomeka kabisa, mawingu yalikuwa mazito. Nikampa mama yako anisomee, nikijua atajua. Alisoma kwa sauti pale jikoni. Alipofika kwenye mtihani alinyamaza, nikadhani barua imekwisha. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile. Ulisema asisomewe. Amejisomea.

(Sijakasirika. Ningependa ungeniambia mara ya kwanza, ningekutumia hata neno moja. Kuanguka hesabu si kosa la jinai, hata mjomba wako alianguka ya kwanza. Hataki niandike hilo.)

Sasa jibu lako. Jicho la kushoto limekwenda tangu mwaka juzi. La kulia limebaki kitundu, ninaona kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo. Ninachokielekezea ninakiona, pembeni yake hakuna kitu. Daktari wa macho aliniambia ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Alinipa dawa ya matone. Nilitia, sikumwambia mtu. Ningesema nini? Mwalimu wa sayansi asiyeona ni kama kinyozi asiye na mikono. Nilijifunza darasa kwa hatua na wanafunzi kwa sauti. Kusahihisha madaftari nilifanya jua linapokuwa kali, moja moja.

Siku ile mezani niliona kipande cha shina kinachopanda. Kilichoshuka kilikuwa pembeni. Sikukiona, na badala ya kusema sijakiona nilisema hakipo.

(Hapa nimekwenda kumwaga sufuria za mvua nikarudi.)

Jumamosi kabla ya kikao nilikwenda sokoni kwa fundi viatu. Mama yako alinishika mkono, watu wakadhani mimi ndiye ninayemsaidia kwa ajili ya goti. Bandani kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi. Binti alikuwa ameketi chini, nilimjua kwa kikohozi chake. Gundi ile inamkohoza.

Nikasema, "Fundi, nimekuja kwa mwanao."

Fundi hakuacha kugonga. Akasema, "Mwanangu si mwongo, mwalimu. Ukiwa na kiatu, acha kiatu."

"Najua si mwongo. Ndoano ilikuwepo. Mpwa wangu amelifanya jaribio lile lile kwa siku nane, na shina limeshuka kama alivyochora."

Kisha binti akasema kutoka pale chini, "Ilikuwa mbele yako, mwalimu."

"Ndiyo."

"Niliinyoshea kidole. Ulikataa kuiona."

"Sikukataa," nikamwambia. "Sikuiona. Sioni."

Nilikuwa sijawahi kulitamka, hata peke yangu. Nimelitamka mbele ya wateja wawili wenye soksi. Fundi akaacha kugonga. Mmoja wa wale wateja akasogea kwenye benchi kunipisha nikae.

Binti akauliza, "Huoni kabisa?" Nikamwelezea kama nilivyokuelezea wewe. Akauliza maswali mengi, yote ya maana: kitundu kina ukubwa gani, kinahama, mwanga mkali unakisaidia au unakiumiza. Hakuniambia pole. Halafu akauliza alama zake zitakuwa ngapi.

(Nilimwona uso yule mtoto. Alikuwa bado ana hasira. Nami ningekuwa nayo.)

Jumatano kikao kilikaa. Sikupeleka karatasi yenye muhuri. Nilisema kosa ni langu, nikasema kwa nini, na mwalimu mkuu akalifuta lile neno mbele yetu. Alitaka jina la mtafiti aliyethibitisha. Nikamwambia si mtafiti, ni mtu aliyetazama siku nane. Akasema, "Mwalimu, hilo siwezi kuliandika kwenye kumbukumbu." Nikamwambia basi asiandike, alama zinatosha.

Nimeomba kuacha kazi muhula huu ukiisha. Amekubali haraka kuliko nilivyotegemea, na imeniuma.

Binti karudi shule leo. Hakuniamkia. Nimejua yupo kwa sababu madaftari yaliyokusanywa yalikuwa arobaini na manne.

Kuhusu wewe, ninalo moja tu la kusema. Nilikuita mtafiti kwa sababu nilitaka kuwa na mtafiti. Hilo lilikuwa langu, halikuwa lako kulibeba. Sikuhitaji cheo, nilihitaji mtu aniangalilie. Umeangalia.

(Njoo nyumbani.)

Hilo sikulisema mimi.

Mjomba wako, na mama yako

Tarehe 9 Julai

Mjomba na Mama,

Shikamooni. Barua yenu nimeisomea stoo nimekaa juu ya gunia la mboji, kisha nikairudia. Mama, mwandiko wako sijauona tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa nimesahau kwamba herufi zako zinalala upande.

Mjomba, sijui niandike nini kuhusu macho. Nimejaribu sentensi tatu na zote zilisikika kama kadi ya pole. Nitasema nimesikia.

Huku mambo yamefika mwisho. Utafiti wa miche umefungwa. Wafadhili wamesema matokeo ni mazuri lakini kazi ni ya mikono mingi mno, hakuna mkulima atakayekaa kupapasa nyanya kila asubuhi. Mikono mingi hiyo ilikuwa miwili. Jumatatu tulizima taa, safu baada ya safu, mpaka chumba kikawa na mwanga wa mlango tu. Miche niliambiwa niimwage nyuma ya banda. Iliyopapaswa na isiyoguswa, yote pamoja. Nilimwaga. Sikulia wala nini, nilitaka tu kukaa chini.

Daktari alikuwa mwema. Aliniandikia barua ya kunitambulisha: "kibarua mwaminifu, mwangalifu, anayeandika anachokiona". Alisema kuna shamba la maua linatafuta watu wa kufunga mashada, saa kumi kwa siku, kusimama. Nimemwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba sina nguvu ya kufikiria. Ninalala saa kumi na mbili jioni kama kuku.

Mama, umeandika nije. Ninaogopa. Huko nimeondoka mtafiti, walimu wa chai wananijua kwa jina hilo. Nitarudi na sweta na bega bovu. Watu watauliza nimesoma nini na nitasema nini?

Mjomba, wewe unasemaje? Mama alisema, wewe ulisema hukulisema. Nataka kujua kama ni kwamba hukulisema tu au hutaki.

Chumba changu mwisho ni tarehe thelathini.

Mpwa wenu

Tarehe 19 Julai

Mpwa wangu,

Hii nimeandika mwenyewe, kwa rula. Naisukuma rula chini mstari baada ya mstari. Usipoweza kuisoma, mama yako atakuambia nilisema nini, lakini nataka ufike kwako mkono wangu.

Sikulisema kwa sababu nilidhani nitakuwa nakuita uje uniongoze. Nilitaka uje kwa ajili yako. Sasa nimechoka kutofautisha. Njoo.

Watu watauliza, ndiyo. Jibu lolote litatosha, wao wenyewe wana mambo yao. Walimu wa chai nimeshawaambia. Mwalimu wa hesabu amesema atakufundisha ukitaka kujaribu tena, usipotaka, usimkimbie tu ukimwona. Shamba la maua litakuwepo hata mwakani. Lala kwanza.

Mwalimu mpya wa sayansi amefika. Ni kijana, anaongea haraka. Nimemkabidhi makopo na funguo za kabati.

Panda basi la asubuhi. Nitakuwa stendi kuanzia saa nane mchana, upande wa maduka. Mama yako goti haliruhusu, nitakuja peke yangu, njia naijua kwa hatua. Ukishuka usinipungie mkono, na usisimame mbali ukingoja nikutambue. Njoo mpaka nilipo, uniguse bega.

Mjomba wako